Mnyalukolo na vibanda kumi na kimoja

Rekodi yenyewe ni ya dakika nne na ushei. Ilichukuliwa kwa simu na kijana aliyekaa juu ya bodaboda yake, upepo wa Iringa wa mwezi wa saba ukivuma kwenye maiki, na katikati inasikika sauti ya mama anayeuza mahindi ya kuchoma akidai chenji. Nimeisikiliza mara nyingi mno. Mwaka 2015 nilikuwa msaidizi wa kisheria hapa mjini, na kamati ya maadili ya chama kimoja iliniomba nikae nayo siku mbili kuandika muhtasari wa malalamiko. Chama sikitaji, kata siitaji, na mahasimu wawili nitawaita kwa kazi zao: Mwalimu na Mfanyabiashara. Wote walikuwa watia nia wa udiwani. Mambo yalitokea kwenye kura za maoni, kabla tume haijatoa fomu kwa mtu yeyote, na hilo lina uzito wake, nitalirudia.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa shule za msingi. Nusu ya wajumbe waliotakiwa kumpigia kura walipita darasani kwake, na wengine bado wanazikumbuka fimbo zake. Mfanyabiashara ni mjukuu wa Mhindi aliyetoka Gujarat miaka ya 1930 akafungua duka la vitambaa na chumvi. Baba yake alizaliwa hapahapa. Mama yake ni Mhehe wa upande wa Kalenga, naye alilelewa na bibi mzaa mama, kwa hiyo Kihehe chake kimenyooka kuliko cha baadhi ya wajumbe wa kamati waliokuwa wakimjadili. Nilishuhudia mmoja wao akimwomba amtafsirie neno.

Sasa tuisikilize rekodi. Mwalimu anapanda kwenye kreti la soda, anasalimia kwa Kihehe: "Kamwene, wanyalukolo!", yaani ndugu wa ukoo mmoja. Watu wanaitikia. Kisha anasema, taratibu, kwa sauti ya ubaoni: "Safari hii tumchague mnyalukolo. Hawa wenzetu wana pa kurudi. Sisi hatuna." Hapo sauti moja kutoka nyuma inapiga kelele, "Gabacholi!", neno la kejeli kwa wenye asili ya Kihindi. Watu wanacheka. Mwalimu anakaa kimya kwa sekunde sita, nimezihesabu. Halafu anaendelea: "Na tuulizane. Vile vibanda kumi na kimoja vya halmashauri pale sokoni viko kwa nani? Na yule mama anayeuza nyanya ndani yake, kodi anampa nani?"

Baada ya siku mbili ikaja barua. Ilikuwa na sahihi sita, zote za wapambe wa Mfanyabiashara, ya kwake mwenyewe haimo. Ilisema Mwalimu "ametoa maneno ya kibaguzi", ikanukuu yote tangu mnyalukolo hadi nyanya, na mwisho ikaongeza kwamba amemtuhumu mwenzake kuhusu vibanda kwa sababu ya asili yake. Mwenyekiti wa kamati aliisoma, akavua miwani, akasema jambo liko wazi, apewe onyo, tuendelee na ajenda nyingine. Ilikuwa saa tano, chai haijaja.

Mimi nilikuwa karani tu, lakini niliomba ruhusa. Nilisema barua hii imefunga vitu vinne kwenye khanga moja. Kuna neno mnyalukolo. Kuna "pa kurudi". Kuna gabacholi, ambalo mlalamikiwa hakulisema. Na kuna swali la vibanda. Tukitoa onyo moja kwa yote manne, tutakuwa tumemkemea mtu kwa kuuliza swali. Mwenyekiti alinitazama kama mtu aliyechelewesha chai, lakini mzee mmoja pembeni akasema, "Mwache kijana afungue khanga."

Huyo mzee ndiye aliyekibeba kikao. Alikuwa na miaka sabini na minane. Wakati wa uchaguzi wa Septemba 1958 alikuwa kijana wa darasa la nane, na elimu hiyo ndiyo iliyompa sifa ya kupiga kura, maana serikali ya Mwingereza ilitaka mpigakura awe na elimu, kipato au wadhifa fulani. Ulikuwa uchaguzi wa kura tatu: kila mpigakura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ukiacha nafasi moja kura yako imeharibika. Januari mwaka huohuo TANU ilikutana Tabora kubishana kama iingie kwenye mfumo huo wa kuudhi au isusie. Nyerere akasema tuingie. Zuberi Mtemvu akakasirika, akatoka, akaanzisha chama chake cha African National Congress akitaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao. Nyanda za Juu Kusini zikamchagua, miongoni mwa watatu wao, Lady Chesham, mama wa Kizungu mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba huku, kwa kuwa TANU ilimuunga mkono. "Tulilazimishwa kumchagua Mzungu," mzee alisema, "lakini hatukulazimishwa kumchagua yule. Tulichagua yupi kati ya Wazungu." Wajumbe vijana walidhani anatoa hadithi ya kupitisha muda. Alikuwa anaingia kwenye hoja: hata sheria ilipokuwa inamtaja mtu kwa rangi yake, mpigakura wa Iringa alikuwa anauliza mtu huyu atafanya nini.

Mwalimu alijitetea kwa neno ambalo kila anayeshtakiwa kwa ubaguzi nchini hulikimbilia: utani. "Mimi na huyu tunataniana tangu zamani. Muulizeni mwenyewe."

Mzee akasema utani si kicheko tu. Wahehe na Wangoni walipigana tangu 1878 hadi 1882, damu ikamwagika, na ndiyo maana leo ni watani. Utani uliundwa ili watu waliouana waweze kukaa pamoja, na una sheria zake. Wa kwanza akisema, wa pili anajibu, na hakuna anayekasirika. Mtani wako akifiwa, unakwenda msibani kumfanyia utani na unashika kazi ngumu ambazo wenye msiba hawaziwezi. Kisha akamgeukia Mwalimu: "Mwanangu, huyu akifa leo, wewe utakwenda kushika jembe?"

Nilitegemea Mwalimu atababaika. Hakubabaika. Alisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Shikamoo, mzee. Nilikwisha shika. Mama yake alipofariki, kaburi tulichimba mimi na wanafunzi wangu."

Hapo wote tulinyamaza, na nakiri kwamba hukumu niliyokuwa nimeshaiandika kichwani ilifutika. Ni rahisi kumhukumu mbaguzi asiyemjua jirani yake. Huyu alimjua. Alikuwa amekula kwake Idi, amemzikia mama, na bado alipopanda kwenye kreti alisema wenzetu wana pa kurudi. Nafikiri hivi ndivyo ubaguzi wa kampeni ulivyo mara nyingi hapa kwetu. Mtu hauchukui moyoni, anauazima kwa wiki tatu kwa kuwa amesikia unalipa. Halafu baada ya kura anataka kuurudisha dukani kama suti ya harusi.

Siku ya pili Mfanyabiashara aliitwa. Kwa nini hakusaini barua? Alisema vijana walimkimbilia mbele, yeye hakutaka. Je, habari ya kaburi ni kweli? "Ni kweli. Mwalimu alishika jembe tangu asubuhi. Ndiyo maana nilishangaa." Na gabacholi? Hilo alilizoea tangu shuleni. Alisema wavulana walianza kumwita hivyo mapema miaka ya tisini, wakati Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa hukuhuku kwetu, alipolipaza jukwaani likasambaa nchi nzima. Kabla ya hapo walikuwa wanamwita kwa jina la marehemu babu yake. Mnyalukolo je? Alicheka kidogo. "Mnyalukolo si tusi. Mimi mwenyewe husema."

Kisha akasema jambo lililonifanya niweke kalamu chini. "Lililonifika ni kurudi. Nirudi wapi? Gujarat sijui hata kiwanja chake cha ndege."

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu kamati haikukaa. Katiba yetu, Ibara ya 13, inapofafanua maana ya kubagua haitaji rangi na kabila tu. Inataja pia pahala mtu alipotokea. Walioandika walijua kwamba Mtanzania akitaka kumbagua mwenzake hana haja ya kutaja ngozi; anataja njia aliyopita babu yake. Kule Kyela na Tunduma mgombea anaambiwa ni wa ng'ambo ya mto Songwe au ng'ambo ya boda, na ni mweusi kama anayemwambia. Wenye asili ya Kiarabu wanaulizwa Oman. "Pa kurudi" ni sentensi ileile iliyovaa kanzu tofauti. Haisemi huyu ni mbaya. Inasema huyu ni mgeni, na mgeni hata akiwa mwema siku moja ataaga. Ukishamwambia mpigakura hivyo, hakuna sera inayoweza kujibu, maana mwenzako hawezi kuthibitisha kwamba hataondoka. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, wabunge waliotaka uraia ufuate rangi walimfanya Nyerere atishie kujiuzulu na serikali yake nzima. Yule mzee alilikumbuka hilo pia, lakini chai ilikuwa imefika.

Kuhusu mnyalukolo, nilitofautiana na Mfanyabiashara mwenyewe, na bado natofautiana naye. Neno lenyewe ni zuri: ndugu, wa ukoo mmoja. Siku hizi kondakta wa daladala anamwita hivyo hata Mchaga aliyeshuka basi jana. Lakini angalia Mwalimu alivyolipanga. Angesema "wanyalukolo, nichagueni", angekuwa anawaita ndugu zake. Yeye alisema "safari hii tumchague mnyalukolo", maana yake kuna asiye mnyalukolo kwenye karatasi, na sentensi iliyofuata ikaeleza ni nani. Kamati ilisema salamu haiwezi kuwa kosa, ikapita. Mimi naona salamu ilikuwa mlango, "pa kurudi" ikaingilia hapo.

Na zile sekunde sita? Wapambe walidai Mwalimu ndiye aliyemtuma mpiga kelele. Hakukuwa na ushahidi; sauti haitambuliki, na kijana wa bodaboda aliapa kwamba hakugeuza shingo. Mwalimu akasema, "Nihukumiwe kwa mdomo wa mtu mwingine?" Ana haki. Lakini mwalimu wa miaka thelathini na kitu anajua kunyamazisha darasa. Nimesoma kwa watu wa aina yake. Wakitaka kimya wanakipata kwa jicho. Alisubiri kicheko kiishe chenyewe, kama mtu anayesubiri mvua ipite ili asilowe. Sikuweza kuandika hilo kwenye muhtasari. Hakuna kifungu cha kusubiri.

Vifungu vipo, ila si kwa mahali tulipokuwa. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, iliyokuwa ikitumika wakati ule, kwenye kifungu cha 108 iliruhusu mahakama kutengua matokeo ya ubunge endapo yatathibitishwa matamshi ya kampeni yaliyokusudia kutumia tofauti za kabila, rangi au dini za wagombea, hata za jinsia. Ilikuwa silaha kali. Lakini ilianza kufanya kazi baada ya uteuzi, na ubaguzi wetu mwingi unafanyika kabla, kwenye kura za maoni, ambako hakimu ni kamati ya watu watano wanaotafuta chai. Mtu akishakatwa huko kwa sababu "ana pa kurudi", hakuna matokeo ya kutengua. Jina lake halikufika kwenye karatasi.

Kuna pia suala la nani mwenye haki ya kulalamika. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ubunge wa Godbless Lema wa Arusha Mjini katika kesi iliyohusu maneno ya kashfa na ubaguzi dhidi ya mgombea mwenzake mwanamke. Waliofungua kesi walikuwa wapigakura, si huyo mgombea. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia ubunge, ikisema wapigakura wale hawakuwa na haki ya kushtaki kwa maneno yaliyomgusa mtu mwingine. Niliwasomea wajumbe habari hiyo, nikawaonyesha zile sahihi sita. Wakaniambia chama si mahakama. Kweli, lakini swali linabaki: maumivu yakishikwa na wapambe, wanayapeleka wanakotaka. Mwenye maumivu alikuwa na sentensi moja tu iliyomfika. Wapambe waliongeza vibanda.

Basi tufike kwenye vibanda, maana nilishaanza kuogopa hatutafika.

Halmashauri hujenga vibanda sokoni na kuvipangisha kwa kodi nafuu. Mwenye mkataba, asipofanya biashara mwenyewe, humpangisha mwingine kwa bei ya juu, na tofauti inabaki mfukoni mwake. Aliyemo ndani hana mkataba wala risiti ya halmashauri; siku soko likivunjwa au likiungua, orodha ya fidia haimtaji. Si siri ya mji mmoja; uliza kwenye masoko mengi ya nchi hii. Vibanda kumi na kimoja alivyotaja Mwalimu vilikuwa na mikataba ya majina tofauti, baadhi ya jamaa wa Mfanyabiashara, baadhi ya watu wasiojulikana, na wauzaji waliomo walikuwa wanapeleka kodi dukani kwake. Hilo walilisema wauzaji wenyewe nje ya kikao, kwa sharti la kutoandikwa.

Nilipendekeza kipimo rahisi. Futa kila neno la asili kwenye sentensi, uone kama kuna kinachobaki. Ukifuta asili kwenye "wenzetu wana pa kurudi", hakibaki kitu. Ukifuta asili kwenye swali la vibanda, swali lipo palepale, na angeweza kuulizwa Mhehe, Mkinga au Mnyakyusa. Na mtu anayetaka udiwani, atakayekaa kwenye baraza linalopanga kodi ya vibanda hivyohivyo, lazima aulizwe.

Mjumbe mmoja, dada mkimya ambaye hakuwa amesema neno tangu jana, ndiye aliyeharibu kipimo changu. Aliuliza: "Kwa nini kumi na kimoja?" Hakuna aliyemwelewa. Akaeleza kwamba wenye vibanda vya namna hiyo pale sokoni wanafahamika, si mmoja wala wawili, na mmoja wao mwenye vinne ni shemeji yake Mwalimu. "Mwalimu alihesabu vya Mhindi, akaacha vya shemeji." Mwalimu akainamisha kichwa. Kwa hiyo swali lilikuwa la haki, ila aliyeuliza alichagua wa kumuuliza, na alichagua kwa kutazama asili. Tangu siku ile kipimo changu nakitumia kwa uangalifu. Sentensi inaweza kuwa safi na hesabu ikawa chafu.

Ila dawa ya hesabu ya nusu ilikuwa kuhesabu vyote, na ndivyo yule dada alivyopendekeza: watia nia wote waseme mbele ya wajumbe wana vibanda vingapi vya halmashauri, wao na jamaa zao. Mwenyekiti alimgeukia Mfanyabiashara. Yule bwana, aliyekuwa ametugusa wote nusu saa iliyopita kwa habari ya Gujarat, alijinyoosha kwenye benchi akasema: "Hayo ni mwendelezo wa ubaguzi uleule." Alisema kwa utulivu, na naamini alijua anachofanya. Alikuwa amegundua, ndani ya siku mbili, kwamba jeraha la kweli linaweza kutumika kama ngao. Hakuna mjumbe aliyetaka kuonekana anarudia kosa la Mwalimu. Pendekezo la dada likafa bila kupigiwa kura.

Uamuzi uliandikwa kwa mwandiko wangu. Mwalimu alipewa onyo la mdomo kwa maneno "wana pa kurudi". Mnyalukolo haikuonekana kosa. Gabacholi ilikosa mwenyewe. Aya ya vibanda niliiandika, mwenyekiti akanitaka niipige mstari kwa kuwa "haihusiani na malalamiko". Niliipiga mstari mmoja mwembamba ili iendelee kusomeka. Ni ujasiri wa karani.

Mwalimu aliomba radhi hadharani, kwa Kihehe, na Mfanyabiashara akamjibu kwa Kihehe bora zaidi, watu wakapiga makofi. Tangu hapo ikawa kila anayetaja soko kwenye mikutano ya kujinadi anazomewa kwamba analeta ubaguzi, hata na watu waliocheka siku ya gabacholi. Mfanyabiashara alishinda kura za maoni, na Oktoba akashinda udiwani.

Mwaka uliofuata nilihudhuria mkutano wake wa kata uliofanyika kwenye ukumbi wa shule. Palikuwa na maswali ya barabara, ya taka, ya zahanati. Kisha mama mmoja wa nyanya akanyoosha mkono. Alisimama akiwa ameshika daftari dogo la mistari, lile la watoto wa darasa la kwanza, ambalo ndani yake alikuwa anaandika kodi anayolipa kila mwezi kwa kuwa hapewi risiti. Akasema, "Shikamooni. Mimi nauliza kuhusu vile vibanda."

Diwani hakusema kitu. Sauti ilitoka nyuma yangu, ya upole tu: "Mama, tusirudi kwenye ubaguzi."

Mama aligeuka kumtafuta aliyesema, hakumwona. Akanitazama mimi, labda kwa kuwa nilikuwa na kalamu. Kisha akakaa, akalirudisha daftari kwenye kikapu, chini ya khanga.